Usimpe mtu hilo gitaa kwanza

Ee bwana vipi, mzima wewe? Nyumbani salama? Huku sisi wazima, mguu umepona, kazi ndo zilezile. Salamu zingine nitamalizia mbele ya safari maana leo nimekuja na jambo moja na lisipotoka sasa hivi litanikaba.

Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Dakika saba nzima. Dakika sita ulikuwa unamsema shemeji na kamati yake, hapo nilicheka mpaka machozi, halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kufunga dirisha, ukasema "na lile gitaa naliuza, kuna mtu kaliulizia, vidole vyangu havikuumbwa kwa mambo hayo". Ukakata. Aisee. Mtu mzima anatoaje habari kama hiyo mkiani mwa voisi halafu anakata?

Nimekaa nalo siku mbili, na kinachoniuma zaidi ni kwamba gitaa hilo nilikuchagulia mimi, tena kwa picha, sikuligusa hata uzi mmoja. Ulituma picha tatu, moja kidole chako kimeziba nusu ya kamera, mi nikajibu "chukua, zuri hilo" nikiwa kwenye foleni. Zuri kwa lipi? Rangi. Nilikuwa naangalia rangi kama wewe tu. Kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa hapa ni mimi, vidole vyako viache vipumzike, na kabla hujampa huyo mtu gitaa lako nifanyie kitu kimoja, hakimalizi dakika kumi.

Tafuta kadi za benki, au kitambulisho, kadi yoyote ngumu ya saizi hiyo, ziwe kama tano. Azima ukiwa huna. Zina unene mmoja popote uendapo, kama milimita 0.76. Sasa litune gitaa vizuri, kisha hesabu freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, kuanzia kichwani mpaka ya 12, mara nyingi ndo ina nukta mbili. Penyeza kona ya kadi chini ya ule uzi mnene wa juu, wa 6, ilale juu ya chuma cha freti. Ongeza ya pili, ongeza ya tatu. Gitaa la nyuzi za chuma lililokaa sawa, kadi tatu zinaingia na uzi unakuwa kama unazigusagusa, yaani hapo ni milimita 2.3 hivi, ikizidi kidogo sio kesi. Upande wa uzi mwembamba inapungua kidogo. Sasa kama kwako zinaingia tano bila kusukumwa, mzee wangu, wewe hukuwa unajifunza gitaa, ulikuwa unanyanyua vyuma kwa ncha za vidole.

Nina hakika zitaingia tano. Kwenye ile video uliyopiga sebuleni, nimeirudia jana usiku, ukibonyeza uzi unaonekana kabisa unasafiri kwenda chini. Hausafirigi hivyo. Na sauti inapanda, inakuwa kali kuliko inavyotakiwa, kwa sababu ukiuvuta uzi umbali mrefu mpaka ufike kwenye freti unakuwa umeukaza zaidi. We ukadhani una sikio bovu. Sikio lako halina tatizo, ulisikia sawasawa kwamba kitu kimepotoka, ila ukajilaumu wewe.

Najua maana yamenikuta. Unalikumbuka lile gitaa la mjomba, lile jeusi lenye stika ya simba? Nililipiga miezi sita nyuzi zikiwa mbali utadhani za kuanikia nguo. Vidole vilikuwa na mifereji, nikishika glasi ya maji ya moto nasikia kwa mkono mmoja tu. Na nilijivunia! Niliamini maumivu ndo ada ya shule. Mpaka siku ile niliyompelekea yule mzee fundi abadilishe kigingi kimoja cha kukazia uzi, akapiga kodi moja (nyuzi kadhaa kwa pamoja), akaniangalia kwa huruma kama mtu anayemwangalia mtoto aliyevaa viatu kushoto kulia. Hakusema kitu. Akalegeza nyuzi, akachomoa kale kamfupa keupe kanakokaa kwenye daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi kule chini, akakapiga mstari wa penseli upande wa chini, akakasugua kwenye msasa aliobandika juu ya kioo, anasugua, anapima, anasugua tena. Ukitoa milimita 2 pale chini, kwenye freti ya 12 uzi unashuka milimita 1, kwa sababu 12 iko katikati ya safari ya uzi. Aliponirudishia nikaweka kidole nikadhani uzi haupo. Wiki ile ile nikaweza kodi ambazo nilishazikatia tamaa. Miezi sita bwana. Nikikumbuka nataka kudai fidia, sijui kwa nani.

Angalia na kichwani pia. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3, halafu chungulia juu ya freti ya 1. Panatakiwa pabaki upenyo mwembamba sana, karatasi ipite kwa shida. Ukiona upenyo wa kupitisha kadi, basi kale kamfupa ka kichwani kanakopitisha nyuzi hakajachongwa vya kutosha, na hapo kodi ya F, ile ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi, hutaiweza hata ukeshe. We si ulisema F ndo imekuua? Jaribu hivi, funga kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote, freti ya 1, halafu piga kodi zilezile kana kwamba kapo ndo kichwa. Zikiwa laini ghafla, umeshampata mchawi. Unaweza hata kukaa hivyo wiki kadhaa, shusha tyuningi nusu hatua, yaani freti moja, ili sauti irudi palepale, mpaka fundi alishughulikie. Ila usianze kuchimba mwenyewe kwa kisu, nakujua. Pale wakichimba kupita kiasi uzi unaanza kulia zzz na mfupa unabidi mpya. Na kile chuma kinachopita ndani ya shingo nacho usikizungushe kisa umeona mtu kwenye video, robo mzunguko tu inabadilisha mambo, muachie mwenye ufunguo wake.

Kingine, nyuzi zenyewe. Hizo ulizonazo ni zilezile za dukani? Mwaka na nusu? Zitakuwa zimeshashika kutu chini, pitisha kidole uone. Kama pakiti inaandika 12 (uzi mwembamba inchi 0.012) omba 10 au 11, zinabonyezeka kirahisi, sauti inapungua unene kidogo lakini nani analalamika. Kuna Tony Iommi wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, na vilikuwa vidole vya kubonyezea maana yeye ni mashoto. Akajitengenezea vikofia vya plastiki iliyoyeyushwa akavivisha ngozi, halafu akatafuta nyuzi nyepesi, na kwa vile enzi hizo hazikuuzwa za gitaa akaweka za banjo. Yule ndo anapiga muziki mzito kuliko wote. Sasa wewe mwenye vidole kumi vizima unaona aibu kuweka nyuzi nyepesi.

LAKINI, na hili naandika kwa herufi kubwa maana nimeshalia nalo, hakikisha kwanza gitaa lako ni la chuma. Nyuzi tatu nyembamba zikiwa kama plastiki ya mshipi wa kuvulia basi ni la nailoni, shingo pana, na hilo usilitie chuma hata siku moja. Seti ya chuma inavuta kama kilo 70 hivi, nailoni kama 40, ubao wake umetengenezwa mwembamba kwa hizo 40. Mi nililitia. Usiku saa nane nikasikia paa! nikadhani mwizi, kumbe daraja limeng'oka na kipande cha ubao, linaning'inia kwenye nyuzi kama jino la mtoto. Mke wangu mpaka leo akinikasirikia anataja lile daraja. (Na kwenye la nailoni zile kadi ongeza moja au mbili, lenyewe nyuzi hukaa juu zaidi, milimita 3 mpaka 4 ni kawaida yake.)

Nilikuwa nasema nini. Ndio, kuuza.

Sikatazi kuuza. Kama fundi akisema shingo imejikunja haifai, uza, mwambie anayenunua ukweli, halafu safari hii usinitumie picha. Nenda mwenyewe na kadi zako mfukoni. Lishike liangalie kuanzia kichwani kwenda chini kama seremala anavyoangalia ubao, uone shingo haijapinda kama upinde. Piga kila uzi kila freti, moja moja, taratibu, muuzaji akinuna mwache anune, unatafuta panapokwaruza. Halafu gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kubonyeza, upige, utatoa sauti kama kengele, kisha ubonyeze pale pale upige tena, hizo mbili zifanane. Zikitofautiana gitaa hilo halitatulia hata ulitune kutwa. Na pitisha kiganja pembeni ya shingo, vyuma vya freti visikukwaruze. Basi. Mambo ya mbao gani na jina gani kichwani hayo tutabishana tukishazeeka.

Na aliyekwambia lazima uanze na la kawaida ndo uende la umeme alikudanganya, nadhani namjua ni nani. La umeme pakiti ya nyuzi zake huwa 9 au 10, laini, shingo nyembamba, kwa vidole ni nafuu kubwa. Shida yake ni makorokoro, waya, amplifaya, na kwa ulivyo wewe mwezi wa pili tu utakuwa na pedali nne, vile visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti, na kodi tatu. Amplifaya ya wati 10 yenye tundu la hedifoni inatosha chumbani, na majirani hawatakuchukia. Pedali hapana. Nimesema hapana.

Halafu kodi zenyewe, maana unasema zinakusumbua kuliko kodi ya nyumba (hii nimeicheka sana, nimewaambia na wa kazini). Unabonyeza katikati ya freti na freti, nimeona kwenye video. Sogeza kidole kikae nyuma tu ya chuma, karibu kabisa na chuma cha mbele, utaona nguvu inayotakiwa inapungua. Kucha za mkono wa kushoto kata mpaka ziishe. Na achana na kukaa saa mbili jumapili halafu wiki nzima gitaa liko kabatini, bora dakika 15 kila siku, liweke wazi kwenye kona ambapo utajikwaa nalo. Chukua kodi mbili tu, E maina na A maina, weka saa dakika moja, hesabu umebadilisha mara ngapi. Ukifika 30 ongeza D. F iache kwanza, haiendi popote. Na tyuna ya kwenye simu angalia na namba iliyo pembeni ya herufi, ndo inasema ni E ya chini au ya juu, shemeji alikata uzi wa kwanza siku ileile kwa kukimbiza E ambayo alikuwa ameshaipita.

Vidole vitauma bado, sikufichi. Wiki tatu nne hivi, mpaka ngozi ikomae. Ila kuna kuuma kwa ngozi na kuna kuuma kwa kifundo cha mkono, hicho cha pili ukikisikia acha siku hiyo.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa voisi ya shemeji. Kadi ngapi zimeingia? Kwenye uzi wa 6 na wa 1, zote mbili. Upenyo wa freti ya 1 ukoje? Nyuzi ni chuma au nailoni, na zimebadilishwa lini? Unakalia nini ukipiga, si lile kochi linalomeza watu? Huyo anayelitaka ni nani, na kwa nini ana haraka hivyo? Asije akawa yule yule wa spika. Na mdogo wako bado analigeuza kushoto? Mwambie aamue mapema, wapiga gitaa wakubwa wapo wa kila namna, Mark Knopfler ni mashoto na anapiga kama wa kulia, Jimi Hendrix aligeuza gitaa la kulia na kupanga nyuzi upya, njia zote zimetoa watu, shida ni kila mkiachiana mnabadilisha. Na ile kapo niliyokupa ipo, au ndo ilienda na ule mkoba?

Jumamosi nikipata usafiri nakuja na msasa na kioo. Ukishampa mtu kabla sijafika tutagombana mbele ya watoto.

Wako wa siku zote,
mwenye daraja