Kula kwanza, mwanangu: barua kabla hujapanda ndege ya Addis Ababa

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimefurahi mno kusikia kwamba kwaya yenu ya vijana imealikwa Hawassa, Ethiopia, na kwamba jina lako limo. Lakini lile jambo ulilonieleza mwishoni mwa simu limeninyima raha: eti mmeshauriwa kila mtu abebe biskuti, tambi na mchele wa kutosha, kwa sababu chakula cha kule ni kichachu na mnaweza kuugua. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tungekatizana maneno.

Fungua Luka 10. Yesu anawatuma wale sabini, anawakataza kuchukua mfuko, mkoba, hata viatu. Kisha angalia mistari ya 8 na 9 imepangwaje. Kwanza wale wanachowekewa mbele yao, halafu wawaponye wagonjwa, ndipo watangaze kwamba ufalme wa Mungu umekaribia. Kula kumetangulia kuhubiri. Nimekaa kwenye semina nyingi za uinjilisti, na karibu zote zinaanzia mstari wa 9. Sikubaliani nazo. Aliyetumwa na Bwana anafika mlangoni kwa watu akiwa na njaa, akiwategemea, na wao wanapata nafasi ya kumtunza kabla hajawaambia neno. Ukifika na tambi zako kwenye begi, umeshawaambia wenyeji kwamba huwahitaji, na lolote utakaloimba baada ya hapo litapokelewa kwa adabu tu.

Sisi akina mama tulipokwenda, nililazwa kwenye nyumba ya familia moja ya Wasidama, kijijini, kusini ya Hawassa. Ukitoka Addis Ababa ni kilomita kama 275 kwa barabara, mnateremka Bonde la Ufa. Nilipoingia uani kwao nilidhani nimerudi kwenye kihamba cha babu yako Marangu: migomba mitupu, minene, majani yanakwangua paa. Nikatafuta mkungu, sikuona hata mmoja. Ule ni mmea unaoitwa enseti. Ni ndugu wa mgomba, ila matunda yake hayaliwi. Kinacholiwa ni shina na tunguu lake.

Kesho yake mama mwenye nyumba alinikubalia nikae naye akifanya kazi. Ameegemeza ubao, ganda la shina limelala juu yake, kalishikilia kwa unyayo, mikononi ana kipande cha mwanzi kilichochongwa. Anakwangua kwa nguvu kutoka juu kwenda chini, nyama nyeupe inadondoka, nyuzi zinabaki pembeni za kusokotea kamba. Ile nyama inafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mmea huohuo, inaachwa ichachuke kwa majuma, pengine miezi. Inapotolewa inakamuliwa, inakatwakatwa hadi nyuzi fupi zote ziishe, ndipo inaokwa kwenye kikaango cha udongo. Hiyo ndiyo kocho. Mmea wenyewe unakaa shambani miaka kadhaa kabla ya kuvunwa, na ukame ukija bado umesimama. Watu milioni nyingi kusini mwa Ethiopia wamevuka njaa kwa sababu yake.

Huo ndio uchachu mliotahadharishwa nao, mwanangu: miaka shambani, miezi shimoni, mgongo wa mwanamke siku nzima. Usiku ule tuliwekewa chungu kimoja katikati, kocho imekandwa kwa siagi ya nyumbani mpaka inang'aa. Wanaiita burisame. Mama akafinyanga tonge akaniletea mdomoni kwa mkono wake. Ni desturi ya nchi nzima ile, wanaiita gursha, na hawaishii tonge moja. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nikafungua kinywa nikalishwa. Ungekuwa na haya, lakini pokea. Na wewe ukishapokea, mlishe aliye karibu yako.

Kahawa nayo haina haraka. Wanatandaza majani mabichi sakafuni, wanachoma ubani, binti wa nyumba anaosha buni mbichi na kuikaanga mbele yenu, kikaango kinapitishwa kila mtu avute ule moshi. Inatwangwa kwa kinu, inachemshwa kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu. Mnakunywa raundi tatu kwa vikombe visivyo na mkono: ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Usiinuke kabla ya ya tatu hata kiongozi wenu akikukonyeza kwamba ratiba imechelewa. Niliona uchungu kidogo pale, nakwambia kweli. Sisi tumekulia chini ya mibuni, chama chetu cha ushirika cha KNCU ni cha tangu 1933, na nyumbani tunauza kahawa yote halafu tunakaribisha wageni kwa chai ya majani.

Majirani walikuja bila kualikwa. Mmoja alikuwa mama wa Kiorthodoksi, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, siku yao ya kufunga nyama na maziwa, alipewa shiro yake, mchuzi wa unga wa dengu, bila siagi kwenye sahani ya peke yake na hakuna aliyeliongelea. Tulisali pamoja naye kabla hajaondoka.

Sasa ibada. Utaiona mwenyewe, sitakumalizia. Utawakuta akina mama wamejifunika netela nyeupe zenye pindo la rangi, na sala ikifunguliwa kila mtu anasali kwa sauti yake kwa wakati mmoja, wengine wamepiga magoti paji la uso likigusa sakafu. Inachukua muda mrefu. Neno likiwagusa, vigelegele vinapaa, na ukivisikia utasahau uko nje ya nchi. Kuhusu nyimbo: sisi tumelelewa na sauti nne na matarumbeta ya Wajerumani. Wao huimba sauti moja, watu wote, kwa muziki wa noti tano, na kinachobeba wimbo ni mtetemo wa koo na ngoma. Msijaribu kuwatilia alto na besi. Imbeni zenu kwa sauti nne mtakapoitwa mbele, wanazipenda sana, ila zao imbeni kama wanavyoimba.

Nilimwuliza mzee wa nyumba ile kwa nini kanisa lao linasali hivyo, na kwa nini nyumba zao haziishi wageni. Alijibu swali moja tu, maana kwake yalikuwa moja. Wakati wa Derg, utawala wa kijeshi ulioshika nchi kuanzia 1974 hadi 1991, makanisa mengi yalifungwa. Watu wakahamia sebuleni. Wachache wachache, usiku, jikoni, kahawa ikiwa motoni ili mpita njia aone ni wageni tu. Yeye alifungwa jela kwa ajili hiyo. Ibada ilikuwa ni kukaribishwa, na aliyekufungulia mlango alikuwa amehatarisha watoto wake. Kanisa la Meserete Kristos, lililopigwa marufuku 1982, lilitoka mafichoni likiwa na waumini mara kadhaa ya wale lililoingia nao. Waliongezeka mezani kwa watu.

Na uwajue wenyeji wenu. Kanisa lao la Mekane Yesus na KKKT yetu ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani, na tumeunganika zamani. Babu yako alikuwa akitega redio jioni kusikiliza Sauti ya Injili. Vipindi vile vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, kanda zikapelekwa Addis Ababa, vikarushwa kutoka kituo cha Walutheri kilichoanza matangazo 1963. Mwaka 1977 Derg ikakitwaa, na pale nyumbani redio ikanyamaza saa ileile. Katibu Mkuu wa Mekane Yesus wakati huo alikuwa mchungaji Gudina Tumsa. Alipotoka kifungoni, Mwalimu Nyerere alisaidia kumtafutia njia salama ya kuondoka nchini. Akakataa kuwaacha kondoo wake. Julai 1979 alitekwa akitoka ibadani, akauawa, na mwili wake haukupatikana hadi 1992. Mkewe, Tsehay Tolessa, alikaa gerezani karibu miaka kumi. Mkiwaombea wenyeji, watajeni hao wawili kwa majina. Mtaona uso wa kila mzee ukigeuka kuwatazama.

Mambo madogo. Saa yao wanaihesabu kama sisi, saa moja ni alfajiri imekucha, kwa hiyo ukiambiwa ibada saa tatu nenda saa tatu. Kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, na ina miezi 13, usishangae tarehe kwenye stakabadhi. Ukiingia kanisa la Kiorthodoksi vua viatu na ufunike kichwa. Dawa zako za tumbo beba, hilo silikatazi, na maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa. Mchele uache kwa dada yako. Nafasi hiyo kwenye begi weka khanga, doti mbili za mama mwenye nyumba na moja ya jirani atakayekuja na vikombe vyake. Kahawa usiwapelekee.

Uniambie mnaondoka Jumamosi ipi ili nije Kilimanjaro uwanjani kuwasindikiza.

Bwana akutangulie,
Mama yako