Mwanangu, ile kanda ya HSAS

Mwanangu,

Mamako kaniambia bendi yenu imekufa. Nikamuuliza imekufa ama imemaliza kazi, akasema kamuulize mwanao, haya ndo nakuuliza, na kwa vile simu yangu siku hizi hushiki naandika, ukiona ni ndefu soma kwenye matatu.

Unaijua ile kanda iko kabati la vioo, nyuma ya thamosi? Ile uliyovuta utepe wake ukiwa mdogo ukaufunga kwenye mguu wa kiti mpaka ukakatika. Through the Fire, ya HSAS, 1984, kampuni ya Geffen. Wewe ulikuwa unasoma "hisasi". Hizo herufi ni majina yao tu, Hagar, Schon, Aaronson na Shrieve, jina kama la ofisi ya mawakili, hata bendi hawakuipa jina la kudumu manake wenyewe walijua haidumu. Walitoa albamu moja wakatawanyika.

Nlivyoipata sijawahi kukwambia vizuri. Miaka hiyo meli za kivita za Marekani zilikuwa zinatia nanga Kilindini, serikali ilikubaliana nao 1980 watumie bandari, na zikija tu Mombasa nzima inajua, vijana wa nywele fupi mji mzima na teksi imepanda bei. Mimi nlikuwa nauza vinyago vya ami yako pale barabarani. Baharia mmoja alitaka twiga lakini pesa zimemwishia, akatoa kanda mfukoni, tukabadilishana. Yule twiga shingo ilikuwa imevunjika nimeibandika na gluu asubuhi ile ile, kwa hiyo nadhani mimi ndo nlifaidi.

Sasa wewe mtu wa besi, ngoja nikupange hawa watu. Sammy Hagar ndo mwimbaji, sauti ya kupasua bati, kabla ya hapo alikuwa na bendi ya Montrose halafu akawa peke yake. Neal Schon mpiga gitaa wa bendi ya Journey, na Journey wakati huo ni moto, albamu yao Frontiers ya 1983 ilifika namba mbili Marekani. Michael Shrieve ni yule kijana wa drum wa bendi ya Santana pale kwenye tamasha la Woodstock 1969, ana miaka 20, ile solo yake mpaka leo watu wanaitafuta. Na Schon naye aliingia Santana akiwa na miaka 17, kwa hiyo hawa wawili walishapiga pamoja zamani, wanajuana mpaka pumzi. Halafu Kenny Aaronson, mtu wako wa besi, ambaye hakuna anayemtaja, na yeye 1973 alikuwa na bendi ya Stories walipofika namba moja na wimbo Brother Louie, baadaye 1988 akapiga na Bob Dylan. Kila mtu ana kwake. Walikutana tu kazi zao zilipowapa nafasi.

Na hapa ndo napenda. Hawakuingia studio wakae mwaka mzima wakipolishi. Waliandika nyimbo, wakafanya mazoezi, wakapanda jukwaani kule kwao maeneo ya San Francisco mwishoni mwa 1983, watu wamekuja kusikiliza nyimbo ambazo hawajawahi kuzisikia hata moja, na mashine inarekodi. Hebu fikiria ujasiri huo. Baadaye wakarudi studio wakaongezea magitaa, na kelele za watu wakazitoa karibu zote, ndo maana ukisikiliza bila kuambiwa utadhani ni ya studio, lakini masikio yanakataa, drum ina haraka fulani, ile ya mtu anayeona watu mbele yake. Mimi nlijua baada ya miaka mingi sana kwamba mle ndani mlikuwa na watu. Nlihisi vibaya kidogo, walilipa kiingilio wakafutwa!

Anza na Missing You, achana na Top of the Rock kwanza, hiyo ni ya kuchangamsha mlango tu. Missing You gitaa linaimba, Schon hana mchezo kwenye melodi, noti moja anaivuta mpaka unamuonea huruma. Lakini usiishie kwa gitaa kama watu wote, rudia mara ya pili usikilize chini, Aaronson hajionyeshi, anashika tu njia ili wale watatu wakimbie, na hao watatu wote ni wakimbiaji. Nlikwambia siku ile ya onyesho lenu la kwanza ukaninunia, nakwambia tena, besi si gitaa la nyuzi nne.

Halafu Valley of the Kings. Hii ni nzito, inatembea taratibu kama jahazi lililojaa, na inakuja kumalizikia kwenye kipande kifupi kinaitwa Giza. Mimi miaka yote nlijua ni giza giza, hili letu la stima kupotea, nikasema hawa Wamarekani wamejifunza Kiswahili wapi, na muziki wenyewe unafanana na giza nikaridhika kabisa. Kumbe ni Giza ya Misri, kwenye mapiramidi! Na hata hapo wamechanganya, Bonde la Wafalme haliko Giza, liko kule kusini Luxor, safari ya siku nzima. Lakini giza langu nimebaki nalo.

Na humo ndo ulipoukata ule utepe. Nliunga na selotepu, nikazungusha kwa kalamu ya biki pole pole usiku mamako amelala, lakini kipande kidogo kilipotea, sekunde tatu nne hivi, wimbo unaruka kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Nikazoea. Juzi juzi dadako akaniwekea YouTube, ikafika pale nikashtuka nikamwambia hapa wamekosea, wameongeza kitu.

Ule wa Whiter Shade of Pale sikushauri. Ni wa bendi ya Procol Harum wa 1967, kinanda ndo roho yake, na hapa hakuna mpiga kinanda kati yao wote wanne, Hagar anaubeba kwa mabavu. Na ndo huo huo kampuni ikauchagua utoke kama singo, ukafika namba 94 Marekani, yaani ulichungulia mlangoni ukarudi. Albamu yenyewe ikaishia 42. Kwa watu wanne wakubwa hivyo hiyo si kitu. 1985 Hagar akachukuliwa na bendi ya Van Halen, mwaka uliofuata albamu yao 5150 ikashika namba moja, Schon akarudi Journey wakatoa Raised on Radio, nani tena akumbuke ile ya katikati? Labda mimi na yule baharia.

Ninachouliza ni kimoja. Mamako anasema mmepiga show sita. Zile nyimbo zenu, hasa ile ya polepole ambayo hamkuwa hata na jina lake, mlirekodi? Simaanishi video ya simu ya mtu aliyesimama karibu na spika. Yule kijana wa mitambo alikuwa na leptop imechomekwa kwenye mixa siku nliyokuja, niliiona taa nyekundu. Mpigie leo, hata kama mmekosana na mpiga drum yeye hamjakosana naye, kabla hajafomati. Ukija Disemba niletee kwa fleshi, usinitumie link, bando zenyewe unajua.

Na kelele za watu usizifute. Nataka nimsikie yule mama aliyekuwa anaitisha soda katikati ya wimbo.

Babako