Leseni kwa jina la wifi

Shangazi, shikamoo. Sijapata lepe la usingizi, na baba watoto anakoroma hapa pembeni kama mtu asiyedaiwa.

Lile agizo la Julai 2025 unalijua, la biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi. Saluni imo, labda iwe ya hotelini au ya watalii, na huku Chang'ombe mtalii aje kutafuta nini? Walisema mwenye leseni amalizie muda wake, basi. Yangu imeisha. Mimi ni Mkenya, nimeolewa hapa Dodoma, nimezaa hapa, TRA nalipa. Siilaumu serikali. Wala sikuwahi kufanya kazi kwa kujificha, leseni nilikuwa nalipia mapema kila mwaka, hata afisa biashara ananijua.

Kinachoniuma ni wifi. Baba watoto alisema yeye ni mtumishi wa umma, hataki maneno ofisini, tumwandikishe dada yake, ana NIDA na TIN, aombe leseni kwenye Tausi, ule mfumo wa mtandaoni. Nikakubali. Huyo wifi hata kushika kitana nimemfundisha mimi! Mtindo wa twende kilioni alikuwa anasuka mistari inakwenda upande. Sasa leseni imetoka, kaitundika juu ya draya, na mteja wangu wa siku zote alipoingia akamwambia, nami nasikia, "Huyu ananisaidia tu kusuka."

Ananisaidia. Draya hizo nilizibeba kwenye basi kutoka Nairobi. Na bango la nje lina jina la binti yangu.

Nikilalamika, baba watoto ananiambia niachane na maneno ya wanawake. Mama mkwe ndiyo kabisa, anasema nishukuru sijarudishwa kwetu.

Shangazi, mimi siing'ang'anii saluni. Aichukue, nitafute kingine, ingawa hata duka la rejareja limo humo humo kwenye agizo. Ila akiichukua aseme draya zilinunuliwa kwa hela ya nani.

Halafu kuna hili. Nimeambiwa mgeni akikamatwa ni faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali cha ukaazi kinafutwa. Raia aliyemsaidia naye ni milioni 5 au miezi 3. Sasa mimi nasuka, jina ni la wifi, hela ya jioni nahesabu mimi. Wakija kukagua tutasemaje? Wifi hilo halijui, na sijamwambia. Ana leseni, si asome mwenyewe.

Baba watoto anasema niombe uraia, mke wa Mtanzania anaruhusiwa kuomba. Lakini hapa hakuna uraia pacha, lazima niukane wa kwetu, na baba yangu yuko hai kule Kitui. Nitamwambia nimeuacha kwa ajili ya nini, saluni? Na nikiuacha halafu wifi bado akaniita msaidizi? Au niombe, nikipata leseni irudi kwangu, yeye nimwonyeshe mlango? Usiku kucha nawaza hilo tu. Hivi mtu anaweza kubadili uraia kwa sababu ya wifi?

Nijibu upesi, na usiniambie nivumilie, hilo kanisani nimeshaambiwa. Kodi ya fremu inadaiwa mwisho wa mwezi huu, na mwenye leseni amesema hiyo nilipe mimi.

Mama Binti, Dodoma