Waini nyekundu ikiwa drai haijaharibika (someni kabla hamjarudisha chupa)

Wiki hii tena chupa imerudi dukani ikiwa nusu, na maneno juu yake: "mmeniuzia siki." Hatumkatazi mteja kulalamika, hela ni yake, ila malalamiko haya yamezidi na karibu yote yanafanana, mengine yameshafika kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Mwanga, Kigoma, kwamba tunauza waini iliyochacha kwa bei ya kukomoa watu. Basi tuongee.

Waini zetu nyekundu zinatoka shamba moja dogo Dodoma, zabibu wanalima wenyewe na kukamua wanakamua wenyewe, nyingi ni Makutupora, ile nyeusi iliyozoea jua la kule. Ni drai. Yaani hamira imekula sukari ya zabibu karibu yote ikaigeuza kilevi, kwenye lita moja inabaki kama gramu 4 au chini ya hapo. Sasa mtu kazoea zile tamu, anapiga funda la hii anakunja uso, anasema imeharibika. Hapana ndugu yangu. Ndiyo maana siku hizi kabla hujalipa tunakuuliza unataka tamu au drai, wengine wanakasirika wanaona tunawadharau.

Kuharibika ni kitu kingine kabisa na tunakijua kwa pua. Mzigo ukishuka stesheni (reli imefika Kigoma tangu 1914 na mpaka leo behewa ni tanuri) tunauacha utulie machicha yashuke, halafu kila bechi tunafungua chupa tuonje. Inafanyika asubuhi, hakuna pafyumu, hakuna kupiga mswaki dakika hiyo hiyo, na jirani akikaanga dagaa tunaahirisha. Glasi inajazwa theluthi tu, unailaza juu ya karatasi nyeupe uangalie ukingo: waini changa inatakiwa iwe na uzambarau, ukiona rangi ya tofali kwenye waini ya msimu wa juzi ujue imepigwa joto au hewa. Unanusa kabla ya kuzungusha, unazungusha, unanusa tena. Ikinuka boksi lililoloa maji, kizibo kina ugonjwa. Ikinuka siki au rangi ya kucha, bakteria wamepata hewa wameanza kugeuza kilevi kuwa asidi ya siki. Ikinuka jemu iliyoungulia, hiyo ni joto. Ndipo inaingia mdomoni, mate yakitoka pembeni ya ulimi hiyo ni asidi na inatakiwa iwepo, ufizi ukikauka kama umetafuna ndizi mbichi hiyo ni tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, nayo inatakiwa mradi isikwaruze. Halafu tunatema. Wanaotuona wanacheka, lakini ukimeza zote, ukifika glasi ya sita huna tena akili ya kuihukumu.

Sasa hiyo chupa ya wiki hii. Dada yetu aliifungua, akanywa kidogo, akaiacha wazi juu ya friji siku kadhaa, na joto hili tunalolijua la kabla ya mvua. Waini ikishafunguliwa ina siku mbili tatu, labda nne kama umeirudishia kizibo ukaiweka NDANI ya friji. Juu ya friji kuna joto la mashine jamani.

Kuna na mzee mmoja wa Gungu alikuja amefura, chupa ina vipande vya kioo, anataka kwenda polisi. Tukamimina mabaki kwenye sahani mbele yake tukayabonyeza kwa kijiko, yakasagika. Ni chumvi ya asidi ya zabibu, waini ikikaa kwenye baridi inagandisha punje hizo, haina madhara, viwanda vikubwa wanazitoa mapema kwa kuipooza waini kwenye matangi ila mkulima mdogo hana mitambo hiyo. Mzee aliondoka na chupa mbili.

Tukija kwenye bei, ndipo watu wanapoamua kutafuta njia ya mkato. Kamati moja ya harusi iliona tunawaibia, wakaagiza wenyewe madumu ya lita 20 toka kwa mtu wa Dodoma, yakaja kwa basi. Kuonja wakakuta ni drai, wakamwagia sukari humo humo kwenye dumu wakafunga vizuri wakaweka stoo. Waini ya dumu haijachujwa, hamira bado iko hai, umeipa sukari na joto la Kigoma unategemea nini? Ikaanza kuchemka upya. Madumu yakavimba, mfuniko wa moja ukaruka, na stoo hiyo ndimo zilimotundikwa suti za wasimamizi. Yaliyobaki yalikuwa na povu na harufu ya togwa. Jioni ya kuamkia harusi wakaja kununua chupa kwetu, kwa bei ile ile waliyoikataa. Ukitaka utamu, changanya na soda kwenye glasi yako mwenyewe, hatutakusema.

Kwenye bei yetu kuna chupa, kizibo, stempu ya TRA, usafiri, zile tunazofungua kuonja, na zile tunazokataa zisifike kwako. Anayekuuzia nusu bei chupa iliyosimama kibarazani juani tangu Pasaka hajaonja chochote.

Halafu migebuka na waini nyekundu nzito haviendi, samaki wa mafuta na hiyo waini vinakuachia ladha ya chuma mdomoni, na chuma hicho mnatuletea sisi kesi. Kunyweni na mbuzi choma au maharage yaliyoungwa vizuri.

Ukifungua chupa ukahisi siyo, rudishia kizibo hapo hapo, ilete siku hiyo au kesho yake ikiwa bado na robo tatu, tuonje pamoja. Ikiwa na tatizo unapewa nyingine bila maneno. Ikiwa ni drai tu, zile tamu ziko shelfu ya chini kushoto.