Barua kwa mwanangu: figo ya nguruwe ndani ya nyani

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini nyani bado anaikataa figo ya nguruwe ambaye sukari ya alfa-gal imeshaondolewa. Kuzima jeni ya GGTA1, inayotengeneza sukari hiyo, kunaondoa shambulio la kwanza tu, lile la kingamwili tulizo nazo tayari sisi na nyani, linaloua kiungo kwa dakika au saa chache. Seli za kinga za mwenyeji zinabaki, na kila aina ina kesi yake.

Makrofaji, seli zinazomeza vitu vigeni, hula seli za nguruwe kwa sababu CD47 ya nguruwe, protini ya juu ya seli inayosema "usinile", haishikani vizuri na kipokezi chao, hivyo hawapati ishara ya kuacha. Ndiyo maana nguruwe huwekewa CD47 ya binadamu. Seli za NK, wauaji wa asili wa kinga, hutulizwa kwa HLA-E, protini ya binadamu inayowekwa kwenye seli za nguruwe. Ngumu zaidi ni seli T. Baadhi huitambua moja kwa moja SLA ya nguruwe, yaani protini za utambulisho za seli zake. Nyingine huonyeshwa vipande vya protini yake na seli za mwenyeji, kisha huzisaidia seli B kutengeneza kingamwili mpya. Njia hii ya pili hujitokeza wakati watu wameshaanza kushangilia. Takrolimasi, dawa ya kawaida ya kupunguza kinga, peke yake haitoshi. Ni lazima kuziba njia ya CD40 na CD154, protini mbili ambazo seli za kinga hutumia kuamshana. Kingamwili za mwanzo dhidi ya CD154 ziligandisha damu, maana chembe sahani nazo zina CD154.

Kwenye jaribio la kuchanganya seli, weka seli laki mbili za nyani, zilizotiwa CFSE, rangi inayofifia kila seli inapogawanyika, kwa laki mbili za nguruwe zilizopigwa mionzi zisigawanyike. Ziache siku 5 hadi 6, nyuzi 37, kabonidayoksaidi asilimia 5, kisha hesabu zilizogawanyika. Usikose visima viwili vya kulinganishia: seli za nyani huyohuyo, na za nyani mwingine. Bila hivyo, namba yako haina maana. Ukitaka kuamsha seli za mishipa za nguruwe, tumia intaferoni-gama, protini ya ishara ya kinga, ya nguruwe. Ya binadamu hazitaisikia, nawe utadhani seli T zimetulia. Seramu ichemshe nyuzi 56 kwa dakika 30, la sivyo komplimenti, protini za damu zinazotoboa seli, itaua seli na lawama ziangukie lisipostahili.

Mtego mwingine: nyani wana sukari ya Neu5Gc, sisi hatuna. Ukizima pia CMAH ya nguruwe, jeni inayotengeneza sukari hiyo, hufichuka kitu ambacho kingamwili za nyani hukishika. Kwa hiyo nguruwe aliyezimwa jeni zote tatu za sukari (GGTA1, CMAH na B4GALNT2) anaweza kuonekana mbaya kwa nyani kuliko kwa mtu. Kumbuka hilo kabla hujamlaumu nguruwe.

Moyo uliowekwa kwa nyani huko Munich ulifika siku 195 (2018), na figo kwa kima siku 758 (2023). Lakini saitomegalovirusi ya nguruwe hufupisha siku hizo sana. Usitegemee usufi wa puani. Virusi vikijificha havionekani humo. Pima na kingamwili zake kwenye damu ya nguruwe.

Baba yako