Uzhhorod haikuanza na vita, mhariri

Mhariri, pole na kazi. Nimesoma makala yenu ya juzi kuhusu Uzhhorod, ule mji wa Ukraine unaopakana na Slovakia, nikaona niandike maana mmeuelezea kama kituo cha wakimbizi tu, eti mji mdogo wa mpakani usio na habari kabla ya vita na Urusi ya 2022. Jamani. Mimi nimesoma pale, na mwanafunzi yeyote aliyekaa mji ule atakwambia wenyeji wana utani wao kuhusu bibi aliyeishi nchi tano na hajawahi kutoka hata mtaani kwake, na ukipiga hesabu sio utani ni kweli kabisa.

Angalia, huyo bibi azaliwe 1910, hapo ni Austria-Hungaria. 1919 wakaja Wacheki, ikawa Chekoslovakia. Novemba 1938 Ujerumani na Italia zikakaa Vienna zikaamua mji urudi Hungaria, serikali ya jimbo ikabidi ifungashe ihamie mji wa Khust. Oktoba 1944 likaingia jeshi la Kisovieti na Juni 1945 mkataba ukasainiwa Moscow, ikawa Umoja wa Kisovieti. 1991 Ukraine. Bibi bado anakaa nyumba ileile, kinachobadilika ni pasipoti na lugha ya kuongea na karani.

Alafu hao Wacheki mmewaruka kabisa wakati nusu ya uzuri wa mji ni kazi yao. Ndo waliojenga mtaa wa serikali pale Galagov kwenye eneo la majimaji kando ya mto Uzh, lile jengo kubwa la utawala wa mkoa walilimaliza miaka ya 30 na mpaka leo ndo ofisi za mkoa, bendera tu ndo zimepokezana juu yake. Na ile njia ya miti ya linden kando ya mto, zaidi ya kilomita mbili, ilipandwa 1928. Mwezi wa sita ikitoa maua harufu inajaa hadi ng'ambo ya mto, utaona wamama wanavuta matawi wachume maua ya kukausha kwa ajili ya chai.

Ila kilichoniuma zaidi ni picha yenu. Mmeweka lile jengo jekundu lenye madirisha kama ya msikiti wa Andalusia, chini mkaandika "ukumbi wa muziki", basi. Lile ni sinagogi, mhariri. Lilifunguliwa 1904, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia karibu robo ya watu wa mji walikuwa Wayahudi, wenye maduka, madaktari, mafundi. Aprili 1944, utawala ukiwa wa Hungaria na Wajerumani wameshaingia, Wayahudi hao wakakusanywa kwenye kiwanda cha matofali pembeni ya mji, mwezi wa tano wakapakiwa kwenye treni kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Yaani ni wiki chache tu. Wasovieti walipokuja wakaziondoa alama za Kiyahudi ukutani wakaligeuza ukumbi wa filamonia, yaani wa okestra, na kusema kweli sauti mle ndani ni nzuri mno, nilishahudhuria tamasha nikiwa sijui nimekaa wapi, hakuna aliyeniambia mpaka niliposoma kibao kilichopo ukutani.

Kwahiyo mnaposema "wenyeji" mseme ni wepi, maana mpaka leo kuna Wahungaria, Waslovakia, Warusini (Waslavi wa eneo hilo, sio Warusi) na Waroma (wale wanaoitwa Gypsy), na wapo wazee wanaopanga miadi kwa saa ya Ulaya ya kati, saa moja nyuma ya Kyiv, ukisahau kuuliza ni saa ipi unakuta mtu hajafika au keshaondoka.

Naomba toleo lijalo msahihishe hayo maelezo ya picha, hata mistari miwili inatosha, na huo mwaka 1904 muutaje.

Msomaji wenu, Dar es Salaam