Tusomesheni tiba ya usemi, na iwe ya Kiswahili chetu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa rohoni tangu tumzike baba yangu.

Baba alikuwa mchumaji wa karafuu. Miaka yote ya kupanda mikarafuu hakuanguka, akaja kuanguka akiwa amekaa kwenye jamvi anachambua. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande. Majirani wakasema kapigwa na upepo mbaya. Spitali tukaambiwa ni kiharusi. Alilazwa, akapewa dawa, presha ikashuka, lakini maneno hayakurudi. Akitaka maji husema "mlango". Mwenyewe anasikia kuwa silo alilolikusudia, anatikisa kichwa, anajaribu tena, linatoka lile lile "mlango", mpaka machozi yanamtoka. Kisha ikiadhiniwa Magharibi, baba huyo huyo anasoma Alhamdu mwanzo hadi mwisho, hakosei hata herufi. Mama alikuwa akiniuliza: ikiwa kisomo kipo, maneno yako wapi?

Wakati ule sikuwa na la kumjibu. Nimelitafuta jibu baadaye, nikalipata. Hali ile inaitwa afasia. Si wazimu wala si uchawi, na akili ya mgonjwa haijaondoka. Ni ubongo ulioumia, aghlabu upande wa kushoto, pale panapotengenezwa lugha. Daktari wa Ufaransa, Paul Broca, aliieleza tangu mwaka 1861, kwa mgonjwa aliyekuwa hawezi kutamka ila "tan". Na vitu tulivyovihifadhi kwa kuvirudia umri mzima, kama kuhesabu, siku za wiki, salamu na dua, mara nyingi husalia hata pale maneno ya kujitungia yanapopotea. Mtaalamu wa tiba ya usemi anaweza kuanzia papo hapo palipobaki. Kwa baba palibaki pakubwa, na hakuna aliyeanza.

La kumeza ndilo linaloniuma zaidi. Tulikuwa tukimpa uji na chai kwa kijiko, amelala chali, kwa mapenzi yetu. Kila vijiko viwili anakohoa. Tukasema ni mafua. Kiharusi huweza kulegeza misuli ya koo, chakula kikapita njia ya pumzi badala ya njia ya tumbo, mapafu yakaingia maradhi pole pole. Kumchunguza mgonjwa anamezaje, akae vipi, apewe kitu cha uzito gani, hiyo nayo ni kazi ya mtaalamu wa usemi, kwa kuwa koo la kusemea na la kumezea ni moja. Watu wengi hawalijui hili, hata waliosoma. Baba alifariki kwa homa ya mapafu. Simlaumu muuguzi yeyote. Walifanya yote waliyofundishwa, na hili hawakufundishwa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Mwaka juzi nilipokea mtoto wa kiume, mchangamfu, masikio yake mazima, mahali pa "k" anatia "t". Kuku kwake ni "tutu", kaka ni "tata". Siku niliyomwita ubaoni asome neno "kiti", wasomaji wako watafahamu lilitoka neno gani. Darasa zima lilicheka. Tangu siku ile mtoto yule hanyanyui mkono. Nyumbani kwao walishauriwa wamkate kimeo, mwengine akasema akatwe chini ya ulimi. Nikawaomba wasifanye, lakini badala ya mkasi sikuwa na cha kuwapa. Nilimnong'onezea tu mama yake kuwa amzoeze taratibu, na hata hilo nilisema kwa kukisia. Sasa yuko darasa la tatu. Anaandika "kuku" sawasawa, ila kwa sauti hasomi.

Basi nikaamua kusoma mwenyewe. Nina shahada ya elimu, somo langu Kiswahili, na niliyapitia masharti ya vyuo usiku hadi usiku. Muhimbili ipo shahada ya kwanza inayounganisha tiba ya usikivu na usemi. Makerere, Uganda, walianza shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Hizi zinamfaa kijana anayetoka kidato cha sita, nami ningependa kila mwaka wende vijana wetu. Ila mtu mwenye shahada yake, na mume na watoto, kumrudisha mwaka wa kwanza ni kumfungia mlango. Ndiyo maana nasisitiza shahada ya pili. Uingereza, mwenye shahada ya fani nyengine inayokubalika anaweza kuisomea kazi hii kwa miaka miwili. Marekani hakuna njia fupi: bila ya shahada ya uzamili hupati cheti cha chama chao cha taaluma, na ndani ya masomo lazima utimize saa 400 za vitendo, 25 za kutazama na 375 za kukaa na mgonjwa wewe mwenyewe, msimamizi akikuangalia. Na Ghana, nchi ya Kiafrika kama yetu, ilifungua shahada ya uzamili ya fani hii katika Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2016. Hawakungoja kwanza wawe na wataalamu mia.

Nilipeleka maombi ya ufadhili pahala. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: fani hii haimo katika orodha. Sitapataja, kwa sababu tatizo si afisa aliyeniandikia, tatizo ni hiyo orodha. Madaktari wamo, wauguzi wamo, wahandisi wamo, na wote tunawataka. Lakini mgonjwa wa kiharusi akishapona presha anarudi nyumbani akiwa bubu, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo au usonji anafika umri wa skuli hana hata njia ya kusema nataka kwenda msalani. Hao nani kawaandikia fani?

Hapa pana jambo ambalo nadhani sisi Wazanzibari tunalifahamu kuliko yeyote atakayetusaidia kutoka nje. Kazi hii haibebwi kwenye sanduku ikaletwa kama mashine ya eksirei. Vipimo vilivyotungwa kwa Kiingereza humtazama mtoto kama anaitamka "s" ya wingi mwisho wa neno. Maneno yetu ya asili huishia kwa irabu, na wingi wetu uko mbele, katika ngeli. Mtoto wetu anapimwa kwa "kiti hiki kimevunjika, viti hivi vimevunjika". Akisema "viti hiki kimevunjika" akiwa na miaka miwili, mwache, anajifunza. Akisema hivyo akiwa na minane, hapo pana la kutazamwa. Mtoto wa huku kwetu akisema "ntu" badala ya "mtu", hiyo si kasoro ya ulimi, ni Kipemba, na mtaalamu asiyekijua atamtibu mtoto mzima. Kisha tuna dh, th, gh na kh, ambazo mwalimu wa chuo cha Kurani huzisahihisha kila siku, na anajua ipi ngumu na ipi huja yenyewe. Ujuzi huo upo vibarazani mwetu, haujaandikwa kitabibu tu.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. TAKILUKI, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, imekuwa ikifundisha Kiswahili wageni wa dunia nzima tangu 1978, na leo imo ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Chuo cha Afya cha Mbweni nacho kimeingizwa SUZA. Yaani wanaolijua koo na wanaoijua lugha wako chini ya chuo kimoja, na kinachobaki ni kuwakalisha meza moja. Naona waanze na stashahada ya uzamili, walimu wa kuazima watoke Muhimbili, Makerere au Ghana, na saa za vitendo zifanyike hapa hapa, kwa wagonjwa wetu, kwa lugha yetu. Huku hilo likiandaliwa, wasomeshwe nje watu wanne au watano wenye shahada tayari, walimu, wauguzi, waliosoma isimu au elimu mjumuisho, kwa mkataba wa kurudi. Na kabla hawajaondoka kiandikwe cheo chao katika utumishi, kwani mtu akirudi na ujuzi huu akapangiwa kufundisha jiografia, tumepoteza pesa na yeye tumempoteza.

Sensa ya 2022 iliihesabia Pemba watu zaidi ya 543,000. Kwa sasa siombi mtaalamu kila wilaya. Naomba wawili tu wa kwanza wawekwe Pemba, wasiwekwe wote mjini Unguja, maana mgonjwa asiyeweza kumeza si wa kupandishwa boti kila wiki.

Naiomba Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu, yeyote kati yao, itujibu katika safu hii hii: fani hii itaingizwa katika orodha ya ufadhili mwaka huu wa masomo, au bado? Kama imo na sisi huku hatukuambiwa, tuelezwe fomu zinachukuliwa wapi na mwisho wake lini.

Mwalimu wa skuli ya msingi,
Wete, Pemba